Bertila na Mfupa wa Bawa la Teleka

Msiniambie nipunguze makali. Nilikuwa matroni wa shule moja ya sekondari hapa Tabora miaka kumi na tisa, na nilichokiona kwa macho yangu nitakisema. Anayekasirika na akasirike.

Bertila, ambaye walimu walimwita Mama Fikiri, alizaliwa Ulyankulu, shule yake ikaishia darasa la saba. Alikuja kwetu kufagia maabara, mwishowe akakabidhiwa funguo zake, maana walimu walikuja wakahama na yeye akabaki. Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa mifupa ya ndege. Akiokota ndege aliyekufa, anamtia kwenye ndoo kuukuu ya asali aliyoitoboa matundu, anaiweka nyuma ya jiko la shule. Sisimizi wanafuata harufu ya asali, wanaingia, wanakula nyama yote. Baada ya wiki mbili mifupa imetakata na hakuna hata mmoja uliovunjika. Wageni walikuwa wakimwuliza anatumia dawa gani, naye anacheka tu.

Siku moja aliokota teleka chini ya ghala bovu, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ambako sasa bodaboda wanapaki. Teleka ni yule ndege mweusi mwenye mabawa kama mundu, anayezunguka juu ya mapaa kutwa nzima wala hatui kwenye waya. Watu wengi humhesabu pamoja na mbayuwayu, na Bertila mwenyewe kwa miaka kumi alikuwa amebandika kwenye kabati kwamba ni ukoo mmoja.

Sisimizi walipomaliza, akalinganisha na mifupa ya mbayuwayu ya kabatini. Mfupa wa bawa unaotoka begani, wa mbayuwayu ni mrefu na mwembamba. Wa teleka ni mfupi na mnene, kama kipande cha chaki. Akafungua kitabu kikubwa kilichoachwa na mwalimu mmoja aliyehama. Humo mlikuwa na picha ya teleka wa kale aliyegandamana na jiwe huko Ujerumani, miaka zaidi ya milioni arobaini iliyopita, na mfupa wake ni ule ule mfupi. Kitabu kikaeleza kwamba wataalamu wenyewe walibishana sana juu ya mabaki ya namna hiyo, wengine wakayaweka karibu na ndege wa usiku. Mifupa ndiyo iliyoamua. Jamaa wa teleka ni vile vindege vidogo vya Amerika vinavyoelea hewani mbele ya ua vikifyonza utamu wake. Mbayuwayu hayumo.

Bertila alilia, haki ya Mungu. "Advera," akaniambia, "miaka kumi nimewadanganya watoto wa watu!" Kesho yake akabandua karatasi zote kabatini, akaandika upya.

Ndipo akaja Mwalimu Zablon, mkuu mpya wa idara ya sayansi, na shahada yake mbichi. Ilikuwa wiki ya maonyesho ya shule.

"Mama Fikiri," akamwambia, "mrudishe huyu kwa mbayuwayu. Mabawa yanafanana, wageni wataelewa haraka."

"Yanafanana kwa sababu kazi yao ni moja, Mwalimu. Mifupa inakataa."

"Wewe unashika funguo, mambo ya koo za ndege tuachie sisi. Bandika nilivyosema, au funguo uziache mezani."

Nilimfuata jikoni nikamsihi. Alibakiza mwaka mmoja tu astaafu, jamani! Karatasi moja ya kubandika, kitu gani? Akanikazia macho.

"Kule nyuma nilidanganya kwa kutojua. Leo najua, halafu nidanganye ili nibaki na funguo? Thubutu! Sibandiki."

Asubuhi ya maonyesho akaweka funguo mezani, akavua koti lake jeupe, akatoka. Zablon akabandika karatasi yake huku akipiga mluzi. Nilipandwa na hasira, nikatoka mbio nimfariji huyo mwenzangu kabla hajafika nyumbani.

Nyumbani hakwenda. Nilimkuta kwenye foleni ya wazazi, kanga begani, akisubiri kama mwananchi mwingine yeyote. Nikajipanga nyuma yake. Zamu yake ilipofika akainama juu ya mifupa.

"Samahani, Mwalimu," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Kama hawa ni ukoo mmoja, mbona mfupa huu mfupi na wa mwenzake mrefu?"

Zablon akakohoa. "Mama, pita, na wengine waone."

"Nitapita ukinijibu."

Wazazi wakaanza kusogea. Mzee mmoja aliyetoka Igunga akavaa miwani. Zablon akamwita mlinzi, Masolwa, amtoe. Masolwa akaja, akaangalia mfupa wa kwanza, akaangalia wa pili, akasema, "Lakini kweli, Mwalimu, mbona?"

Zablon akanigeukia mimi, matroni wa shule, nimsaidie. Nikamwambia swali langu ni hilo hilo, na sina haraka.