Madaktari watatu, ngiri moja, na mjinga mmoja ambaye ni mimi

Wakuu, salamu kutoka Kamina. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mke wangu yuko tayari kuniumbua nikiongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilipata uvimbe kwenye kinena. Nikikohoa unatoka, nikilala unarudi. Ngiri.

Daktari wa kwanza akasema atarudisha utumbo ndani, kisha ashone nyama yangu mwenyewe kwa uzi.

Wa pili akasema yeye huweka wavu, kipande laini kinachobaki mwilini kushikilia pale palipolegea.

Wa tatu nilimpata Lubumbashi. (Nilienda msibani, nikarudi na ushauri wa daktari. Ndivyo nilivyo.) Huyo anatoboa matundu madogo, anaingiza kamera.

Nikapiga hesabu yangu: swali moja, majibu matatu, basi wawili ni waongo. Nikawaacha wote.

Nikajifunga mpira wa tairi la baiskeli kiunoni, nikawa natembea darasani kama bata. Na bado nikawa nawahutubia walimu wenzangu kuhusu upasuaji. Yule wa uzi nilimwita fundi cherehani.

Jumamosi moja shemeji akafika kutoka Kaniama na magunia ya mahindi. Mke wangu akaniomba nisiguse.

Nikagusa. Mbele ya shemeji, ningefanyaje?

Uvimbe ukatoka, ukagoma kurudi. Muda si mrefu natapika, namwita mama yangu, ambaye ni marehemu. Shemeji akanikimbiza hospitali kwa pikipiki.

Aliyekuwa zamu ni nani? Fundi cherehani.

Nimeshachomwa sindano ya ganzi, miguu siisikii, bado nikamuuliza kama ataniwekea wavu.

Akanijibu taratibu: "Papa, leo haiko siku ya kuchagula. Acha kwanza tuone kama utumbo iko muzima."

Hapo niliogopa kweli.

Ulikuwa mzima. Akashona kwa uzi.

Kesho yake alinieleza kwamba siku ya kawaida hata yeye angeweza kuweka wavu, ila penye hofu ya utumbo kuoza hathubutu. Mwenzake angeweza kuamua tofauti, na asiwe mjinga.

Nikamwomba radhi kwa lile jina. Akasema analijua siku nyingi. Kumbe mmoja wa wale walimu ni dada yake.

Nilichojifunza: madaktari wakitofautiana, muulize kila mmoja kwa nini anafanya hivyo na amezoea kiasi gani. Kisha chagua, ulale kitandani, ufunge mdomo.

Waliopitia hii, mlishonwa au mliwekewa wavu? Semeni. Ila msinichekeshe, nikicheka mshono unavuta.