Mzee Aliyekuja Kupumzika

Verlyn, mkodishaji wa viti ufukweni Grand Anse, alishaona abiria wa kila aina wakishushwa na meli, lakini mzee huyu aliyekuja kupumzika alikuwa kiboko. Alipumzika amekaa wima, soksi miguuni, viatu amevipakata kama kitoto kichanga. Kila mara aliinua darubini kuhakikisha meli haijaondoka. Vidole vyake vinene vilikung'uta mchanga kwenye taulo, punje kwa punje, kana kwamba akijitahidi ufukwe wote utaisha. Sauti nayo ilikuwa ya jemadari: "Mama, tulia! Tumekuja kustarehe!" Mkewe, ambaye alikuwa ametulia tangu asubuhi, akaenda zake kuogelea.

"Baba, meli haina miguu," Verlyn alimwambia, akimpa aiskrimu ya kungumanga. "Kula, inayeyuka."

Hakusikia. Mkewe alikuwa amelala chali juu ya maji, kimya. Mzee akaita, akaita tena, asiitikiwe. Akajitosa baharini na soksi zake, akipiga mayowe hadi ufukwe mzima ukageuka. Maji yalikuwa ya magotini. Yule mama akasimama akicheka: "Masikio yalikuwa majini, jamani! Ndiyo umekuja kuogelea?"

Verlyn alishakuwa na utani wake tayari, kwenye ncha ya ulimi. Lakini mzee alimshika mkewe kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani umeniacha."

Verlyn akaumeza utani wake, akaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.