Mwihaki na Mashini za Upepo

Mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ulikuwa umepita, na watu wa Eldoret walikuwa wamerudia ugali mweupe, wakati kampuni yetu ilipotangaza kwamba mashini mpya zinakuja. Nasema kampuni yetu, lakini wenyewe walikuwa Ulaya, na walikuwa na viwanda vya nguo katika nchi nyingi. Sisi tulikuwa kiwanda chao kimoja tu. Mimi nilikuwa katika idara ya kufunga marobota. Mwihaki alikuwa msimamizi wa zamu katika ukumbi wa kufuma.

Wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima Ainabkoi, na huko ndiko alikokulia. Alipoolewa na Thuo, mwenye duka la rejareja mtaani Huruma, alihamia mjini na kuajiriwa kiwandani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko kikubwa, na ndani ya ukumbi ule kicheko chake kilionekana tu, hakikusikika. Mashini za zamani zilibeba uzi kwa kipande cha mti kilichopigwa kushoto na kulia, pa! pa! pa!, na mashini hizo zikiwa mia mtu hangeweza kusikia hata jina lake. Wafumaji walizungumza kwa midomo na mikono. Mwihaki angeweza kukueleza kifo cha jirani kutoka upande wa pili wa ukumbi, nawe ukaelewa hadi siku ya mazishi.

Mashini mpya zilifika kwa treni, ndani ya makreti makubwa. Pamoja nazo alikuja Bwana Keller, injinia wa kampuni, mzee mpole mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alikaa wiki kadhaa akiziunganisha na mafundi wetu. Siku ya kuwasha moja ya kwanza, meneja wetu, Bwana Waweru, aliruhusu kila idara ije kuona.

Tulisimama kama watu waliokuja kuona bibi harusi. Keller akabonyeza kitufe. Tukasikia mfoko mkali kama wa nyoka aliyekasirika, kisha nguo ikaanza kutoka. Kipande cha mti hakikuwepo. Hakuna kitu kilichokwenda wala kurudi. Uzi ulikuwa huku, halafu ulikuwa kule, na jicho halikuona ulivyopita.

"Nani anapeleka uzi?" Mwihaki akauliza.

"Hewa," Keller akajibu. "Upepo tu, Mama. Inapuliza, uzi inaruka."

Mwihaki akamwomba asimamishe mashini, kisha apulize upepo bila uzi. Akaweka kiganja mbele ya kitundu ambacho kingeweza kuzibwa kwa punje ya mtama. Upepo ukampiga. Akaurudisha mkono haraka, akautazama, akauweka tena.

"Mungu alimpulizia Adamu puani," alisema polepole, "na hawa wamepulizia pamba."

Hakuna aliyecheka. Kipngetich, fundi wetu wa mitambo, mtu asiyeshangazwa na kitu, alikuwa amevua kofia.

Lakini hofu ilikuja nyuma ya mshangao ule. Mashini moja mpya ilifanya kazi ya nyingi za zamani, na kila mtu alijua maana yake. Makao makuu walitaka ukumbi wa zamani ufungwe mara tu mpya zikianza. Bwana Waweru alimwita Mwihaki ofisini, mimi nikiwa hapo kusubiri sahihi ya shehena.

"Mama Gathogo," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "wanasema ni rahisi kuchukua vijana wapya wa shule na kuwafundisha. Wewe unaonaje?"

"Vijana wa shule watajifunza mashini," alisema. "Lakini nguo hawaijui. Nipe wafumaji wangu, Mister. Usifunge ukumbi wa zamani mpaka kila mmoja awe ameshika mpya kwa mikono yake. Asiyeweza, tumtafutie mahali."

Waweru alitia sahihi karatasi yangu kwanza. Alikuwa mtu wa Turbo, amesoma ng'ambo, na nafikiri aliogopa wakubwa wake kama sisi tulivyomwogopa yeye. Mwishowe akasema, "Nitawaambia hivyo. Wakinifukuza, utaniajiri dukani kwenu."

Hawakumfukuza. Ila hawakufurahi, na taabu haikukawia.

Mashini zote zilipowashwa pamoja, nguo ilianza kutoka na mianya. Uzi uliruka, ukachoka katikati, ukaanguka. Keller alikagua kila kitundu, akabadilisha pamba, akapima unyevu wa ukumbi. Siku nzima ikapita bila kupata sababu. Siku iliyofuata alipanda ngazi kwenda ofisi ya Waweru, akafika juu akitweta, akashika ukingo wa ngazi. Akabaki pale ameinamisha kichwa. Mara akaanza kucheka peke yake, akashuka tena mbio.

"Mimi mjinga!" akatuambia. "Hesabu yangu ni ya kiwanda iko karibu na bahari. Hapa ni juu sana. Hewa ni nyembamba. Mimi nachoka kwa ngazi, na mashini pia inachoka!"

Basi ikawa hivyo. Kompresa, ile mashini ya kushindilia hewa, ilikuwa haitoshi kwa mji ulio juu kama wetu. Tulihitaji nyingine kubwa zaidi, nayo ilikuwa upande wa pili wa dunia. Ingechukua miezi kufika. Wakubwa wa ng'ambo wakaanza kusema mashini zifungwe tena ndani ya makreti, zipelekwe nchi nyingine.

Ni katika miezi hiyo ndipo nilipomwelewa Mwihaki. Alikwenda kwa Waweru na Keller pamoja, akawaambia, "Hewa iliyopo inatosha mashini chache. Basi hizo ziwe darasa. Na moja muifungue yote, hadi msumari wa mwisho." Keller alishika kichwa, lakini Waweru akakubali, akawaandikia wakubwa kwamba Eldoret haisubiri kompresa, inasoma.

Ilifunguliwa. Vipande vilitandazwa juu ya shuka sakafuni, na wafumaji waliokuwa wakipita mbali nayo kama watu wanaopita kaburi walikaa chini wakavishika. Keller alieleza, Kipngetich akatafsiri, Mwihaki akauliza. Alipoelewa jambo, alilionyesha wengine kwa midomo na mikono, kwa lugha yao ile ya ukumbini, na uso baada ya uso ulifunguka. Keller aliniambia alikuwa ameweka mashini hizi katika nchi nne, na hakuwa amewahi kuona watu wakiacha kuziogopa upesi hivyo.

Si wote waliovuka. Benta, aliyemfundisha Mwihaki kazi alipokuwa mgeni, alijaribu kwa moyo wote. Mwishowe akamshika bega.

"Mwanangu, mimi nataka kuona kinachobeba uzi," akasema. "Hii siioni. Nipeleke kwa wanaoshona pindo."

Mwihaki alimpeleka mwenyewe, akamtafutia kiti karibu na dirisha. Wengine walichukua malipo yao ya kuacha kazi wakarudi shambani. Jioni ile Mwihaki alitembea nasi hadi Huruma akihesabu kwa vidole majina ya walioondoka.

Kompresa ilipofika, ukumbi mpya uliwashwa wote kwa mara moja, na aliyeshika kila mashini alikuwa mtu wetu wa zamani. Nguo ikatoka safi, pana, nyeupe kama maziwa. Nilifunga marobota yale nikiyapapasa kama anavyopapaswa mtoto mchanga. Waweru alisimama mlangoni, beji ya chama tawala kifuani kama wakubwa wote wa siku zile, akasahau hotuba aliyokuwa ameandaa.

Miaka miwili ikapita. Kampuni ikajenga kiwanda huko Kolombia, katika mji ulio milimani, juu kuliko hata kwetu. Hesabu za pwani hazingefaa huko. Hesabu za Eldoret ndizo zilizokuwa karibu nazo. Wakaletwa wanawake wawili wa huko kujifunza kwetu, na mwalimu wao akawa Mwihaki, ambaye hakuwa amewahi kuvuka Nakuru. Mmoja aliitwa Rosalba. Jumapili Mwihaki aliwapeleka Ainabkoi kwa mama yake, wakachuma viazi, wakaimba kanisani nyimbo wasizozijua. Baada ya miezi mitatu wakaondoka wakilia.

Kisha alasiri moja Mwihaki akaitwa ofisini, kuna simu ya mbali. Tulimfuata hadi mlangoni, Benta akiwa pamoja nasi. Akashika kile chombo kwa mikono yote miwili. Sauti ya Rosalba ilisema jina lake, mara mbili, kisha ikanyamaza, kama mtu aliyeinua simu juu ili ukumbi wenyewe usikike.

Mwihaki akafumba macho. Akatuita kwa kidole, mmoja mmoja, tuweke sikio. Zamu yangu ilipofika, nilisikia mfoko wa mashini nyingi, mbali kabisa, ng'ambo ya bahari, ambako ndiyo kwanza kulikuwa kumekucha.

"Zinapumua vizuri," Mwihaki alisema, na machozi yakimtiririka, akamnyooshea Benta simu.