Jina la Bi Somoe na Sheria ya Bwalo

Bi Somoe alisingiziwa kuwalisha watoto wa watu sumu. Alitajwa kwa jina mbele ya wanafunzi mia mbili waliosimama mstarini chini ya bendera, na aliyemtaja ni Elia, mkuu wa chuo cha ualimu pale Mtwara. Bi Somoe hakuitwa wala hakuulizwa. Alikuwa ng'ambo ya barabara anatwanga, akasikia mwenyewe.

Kabla ya masika ya mwaka 1972, chuo kilitoa chai ya asubuhi na chakula cha jioni tu. Mchana mwanafunzi alipewa posho akajitafutia, na wengi walijitafutia kwa Bi Somoe. Banda lake lilikuwa la makuti, wateja wakikalia magogo. Kusoma hakujua, ila alijua kwamba Hassani wa mwaka wa pili hali pweza, na kwamba kijana aliyenyamaza siku ya mtihani huongezewa kisamvu bila kuulizwa neno. Muhogo mchungu, wenye sumu usipokaushwa, aliumenya, akauroweka, akauanika juani siku kadhaa hadi ukawa makopa makavu yanayolia yakigongana, ndipo akatwanga. Hakufupisha hata siku moja, foleni iwe ndefu namna gani.

"Tumbo la mtoto wa mwenzio ni amana," alikuwa akisema, "na amana haiharakishwi."

Masika ile mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam, malori ya unga yakakwama. Bwalo likaishiwa. Josephu, mpishi mkuu, mtu wa Iringa, akaenda soko la Chuno akarudi na magunia manne ya muhogo mbichi. Akauchemsha jioni ile ile. Sahani hazijaoshwa, vijana wakaanza kushika vichwa na kutapika, na thelathini wakapelekwa hospitali. Walipona wote, tunamshukuru Mungu.

Asubuhi Elia akasimama mstarini akasema sumu imetoka kwa Somoe wa ng'ambo. Tangu siku hiyo posho ikafutwa. Kila mwanafunzi alilazimika kula bwaloni mara tatu kwa siku, na atakayeonekana kwenye lile banda atarudishwa kwao.

Hassani alipita kando ya banda akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mama, mimi sikula kwako jana, nilishinda na homa. Jioni nikala bwaloni. Nimetapika kuliko wote."

"Nenda, mwanangu, usionekane," Bi Somoe akamjibu.

Akajifunga kanga, akazunguka hadi shimo la taka nyuma ya bwalo. Akaokota kichwa cha muhogo, akakikwangua kwa ukucha, akagusisha ncha ya ulimi, akatema uchungu. Josephu alikuwa mlangoni anamtazama.

"Josephu, aliyekuuzia alikwambia muhogo huu ni wa kutafuna au wa makopa?"

"Sikumuuliza. Muhogo si muhogo tu, mama?"

"Na nyoka si nyoka tu? Lakini yupo wa kumrukia na yupo wa kukuzika. Huko kwenu Iringa mnafundishwa nini, kuvaa makoti?"

Josephu hakucheka. "Nikisema, kazi sina. Nina watoto watano."

Bi Somoe alimtazama, kisha akaenda zake kwa Mkuu. Jina la Josephu hakulitia kinywani. Alisema tu kwamba muhogo uliochemshwa bwaloni haukuwa wa kuchemsha, na kichwa chenyewe hiki hapa, aonje.

Elia hakuonja. "Mama, sheria imeshapita. Nimeshaandika mkoani."

"Sikuja kudai sheria irudi, Mwalimu. Kula nao wewe hata mara kumi kwa siku. Nimekuja kuchukua jina langu."

"Tutaliangalia," akasema Elia, akafungua faili.

Haikupita wiki tatu, malori hayajafika bado. Sasa bwalo lilikuwa na makopa tele ya kununua sokoni, na hakuna aliyeweza kuyapika. Ugali ulitoka na mabuje, madonge ya unga usioiva, vijana wakalala na njaa, na sheria hairuhusu kula kwingine. Elia alivuka barabara kwa miguu yake hadi bandani.

"Bi Somoe, nisaidie. Wanafunzi wanaumia."

Mwingine angemwambia akale faili zake. Bi Somoe aliuliza jambo moja tu.

"Utasema mstarini?"

"Jumatatu. Nakuahidi."

Akaingia jikoni mwa watu waliomsingizia sumu. Wiki nzima alimfundisha Josephu kuchagua, kutwanga, kuchekecha na kusonga sufuria la watu mia mbili kwa mwiko mrefu kama kafi. Mkono wa kulia ulivimba, akasonga kwa wa kushoto. Siku ya tatu vijana walirudisha sahani tupu wakaomba tena.

"Umeiva, Mhehe," akamwambia Josephu. "Sasa tukutafutie mke wa Kimakonde akumalizie darasa."

Jumatatu alivaa kanga yake mpya, akasimama nje ya uzio. Elia alitangaza zamu za shamba. Akatangaza usafi wa mabweni na mechi ya mpira dhidi ya vijana wa Mikindani. Mstari ukavunjika.

Mwaka wa tatu huu. Bi Somoe sasa anakaanga samaki bandarini, na sifa yake haikauki kwa wanaomjua. Lakini wapo akina mama wanaowavuta watoto wao wakipita mezani pake, maana habari ya mstarini ilitembea na haikurudi. Josephu deni lake ameshalimaliza: kila mpishi mgeni humwambia waziwazi kwamba muhogo ule aliupika yeye, na aliyemwondolea ujinga ni Bi Somoe. Aliyebaki ni Elia. Anadaiwa maneno machache, ayaseme kwa sauti ile ile, chini ya bendera ile ile, wanafunzi wakiwa wamesimama: kwamba Somoe hakumlisha mtu sumu, na kwamba yeye, Mkuu, alilijua hilo tangu wiki ile ile.