Kompyuta ya Sebuleni

Nikisikia harufu ya udi, naikumbuka kompyuta yetu ya sebuleni. Humo ndimo baba alimotunza picha zote za marehemu mama. Ilijaa virusi, nami nikajifanya fundi, nikaiwekea mfumo mpya, Linux, kwa flashi niliyonunua Kariakoo. Ikauliza kama ifute diski yote. Nikakubali, nikidhani inafuta virusi tu. Ikakwama katikati. Niliizima, nikaiwasha, nikarudia. Kioo cheusi tu.

Ijumaa mama wadogo walikuja. Baba alishajua, ila hakunichapa. Alipanga viti mbele ya kompyuta, akafukiza udi.

"Fundi, washa. Wamekuja kumwona dada yao."

"Baba, zimefutika."

"Nimesema washa."

Nikawasha. Tulikitazama kile kioo mpaka udi ukaisha.

"Haya, fundi," akasema baba. "Ijumaa ijayo utatuwashia tena."