Muuguzi wa Kliniki ya Tumbo

Muuguzi wa kliniki ya tumbo husugua viganja vyake mpaka vipate joto ndipo amguse mgonjwa. Mambo ya choo huyauliza taratibu, kama anayeuliza habari za nyumbani, nawe huoni haya. Mwaka wa pili wa vidonda vyangu vya utumbo, kila alichouliza nilijibu, "Nafuu." Akaweka kalamu chini. "Kaka, damu kwenye choo imekoma, lakini mbona siku hizi hata hucheki?" Nikalia. "Utumbo ukiwaka, moyo nao huzama," alisema, "na moyo ukizama, utumbo huwaka tena. Tutatibu vyote viwili." Akanipeleka mwenyewe kwa mshauri wa afya ya akili. Nilipotoka baada ya saa nzima, nilimkuta kwenye benchi, faili langu mapajani, akinisubiri. Mpaka leo sijapata asante ya kumtosha.