Kalunde Apanda Mavumbini

Ukitaka kumkasirisha Kalunde wa Kathiani, mwambie anabahatisha. Kubahatisha, atakuambia mkono kiunoni, ni kazi ya vijana wa Kyumbi wanaotabiri mechi za timu ambazo hata hawajui ziko nchi gani. Aliyepima maji kwa fimbo kisha akaingia, huyo amejitosa. Aliyeogopa na bado akaenda, huyo amethubutu. Na mwenye kusema potelea mbali hajathubutu chochote, amechoka tu. Nusu ya jirani zake humwona mjuaji, na nusu nyingine huja kumwomba ushauri.

Mumewe Festus alikuwa bawabu huko Athi River, akastaafu na tabia ya kukagua kila kufuli mara mbili. Hapandi chochote mpaka mvua imelowesha ardhi na buti linashika tope. "Tahadhari kabla ya hatari," husema, na huisema kupita kiasi.

Basi mwaka huu mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, ulipiga kura, na zamu ya kwanza ikamwangukia Kalunde. Ilikuwa Oktoba, mbingu safi, shamba vumbi tupu. Kukataa zamu ni kurudi mwisho wa foleni, na foleni ikifika mwisho mvua huwa imeshakwenda zake. Kulima peke yake goti halimruhusu tena. Kukubali, basi, ni kupanda mavumbini. Mvua ikija kwa nguvu, mahindi yako huwahi kuliko ya wote. Ikija ya kudanganya, ikanyunyiza na kuondoka, mbegu huchipuka, hukosa maji, hufa.

Na mbegu yenyewe haikuwa ya dukani. Yalikuwa mahindi ya kienyeji, ya madoadoa, aliyorithi kwa mama yake na kuyahifadhi kila mwaka juu ya moshi wa jikoni. Baada ya misimu mibaya yalibaki ya kujaza kibuyu kimoja, na kwingine kote ujirani huo yamekwisha. Yakifa, ndiyo basi tena.

"Mama Musau, hiyo ni kamari," Festus akamwonya. "Na wewe ni mtu wa kanisa."

"Kwa kamari, mwenzako lazima apoteze ndio upate. Hapa nikipata, nani amepoteza? Niko na shamba, niko na akina mama. Wacha nithubutu."

Akina mama wakaja na majembe, wakaimba, wakala muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakapanda kibuyu kizima.

Wiki iliyofuata mvua ikaja. Ikapiga vumbi, ikanukisha ardhi, kisha ikaondoka kama mgeni aliyekataa chai. Jua likarudi kwa ukali wake wote. Kalunde alijikaza, akawa anacheka na majirani kama kawaida, mpaka alasiri moja Festus akamkuta shambani amepiga magoti, anachimbua kwa vidole. Kiganjani alikuwa na mbegu tatu. Mbili zilikuwa bado kavu na nzima. Ya tatu ilikuwa imetoa mche mdogo mweupe, umenyauka.

"Nimeua mbegu ya mama," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilibahatisha, Baba Musau. Wacha nizifukue hizi nzima, nizirudishe kwa kibuyu."

Ungedhani Festus angefurahi, maana hatimaye mkewe amekubali kwamba alibahatisha. Hakufurahi hata kidogo. Lile neno kutoka kinywani mwa Kalunde lilimwuma. Akachuchumaa, akazichukua zile mbegu mbili, akazirudisha shimoni na kuzifukia kwa kiganja.

"Ukifukua leo, hapo ndio utakuwa unabahatisha," akasema. "Ulipopanda ulikuwa unajua unachofanya. Saa hii unaogopa tu."

"Na mvua ikikataa?"

"Tutakosa pamoja. Mimi nilikuja kwenu kukuposa bila hata mbuzi moja, na baba yako alikuwa ananoa panga hapo mlangoni."

"Huko hakukuwa kuthubutu. Huo ulikuwa wazimu."

"Lakini ulinikubali."

Kalunde akacheka huku akipangusa mashavu kwa leso. Wakaondoka, shamba wakaliacha lilivyo.

Jumapili, mahubiri yakiwa katikati, matone yakaanza kugonga mabati ya kanisa, moja moja, kisha yote kwa pamoja. Katekista akapaza sauti, akazidiwa, akafunga Biblia akitabasamu. Ilikuwa mvua ya kweli, ya kujaza mitaro, na haikuonyesha dalili ya kuharakisha popote. Watu wakaanza kuimba.

Kalunde hakuimba. Katika kanisa lile wanawake huketi kushoto na wanaume kulia, tangu lilipojengwa. Akainuka, akakatiza katikati kwa goti lake bovu, mwethya mzima ukimtazama, akaenda moja kwa moja hadi benchi la wanaume. Wazee wakakohoa. Festus akatazama mbele, akatazama dari, kisha akaondoa kofia yake benchini na kusogea kando, mkewe apate pa kukaa.